Muonja Ubuyu wa Mlandege Aliyeachishwa Kazi na Daktari wa Masikio

Hutoamini, msomaji, na hata mwenye kisa mwenyewe akikisimulia hutikisa kichwa: mtoto wa miaka mitano, mwenye kazi yake na sifa yake mtaani, kaachishwa kazi na daktari wa masikio. Si daktari wa meno, si wa tumbo. Wa masikio!

Twende taratibu. Ni alasiri, mtaa wa Mlandege, Unguja, uani kwa Mwatum Silima. Jiko la mkaa limekoza. Juu yake sufuria kubwa, ndani yake shira nyekundu inatokota, na kokwa za ubuyu zinagongana kila mwiko unapopita. Mwatum kajifunga kanga moja kiunoni, nyengine kichwani, jasho linamtiririka, wala hajifuti. Akiacha kukoroga tu, shira inashika chini.

Anachota kokwa chache kwa kijiko, anapuliza zipoe, anafungua mlango wa uani unaotokea uchochoroni. Anasimama hapo na kijiko chake kama mtu anayegawa dawa.

"Ewe kaka! Wewe mwenye mkoba! Hebu njoo uonje."

Kijana anasita. "Nna haraka, dada."

"Haraka gani ya kushindwa na kokwa moja? Tia mdomoni."

Anatia. Anafumba jicho moja. "Mkali."

"Mkali wa pilipili au wa uchachu?"

"Mkali tu, dada."

"Ala! Kwani ulimi wako unajua neno moja?"

Kijana anaondoka anacheka. Anapita mama na kikapu cha ndizi kutoka soko la Darajani, naye anaonjeshwa. Anasema chumvi imepungua. Mwanafunzi wa skuli anasema tamu sana, anaomba nyengine, ananyimwa. Mwatum anarudi kwenye sufuria, anatia chumvi chembe na sukari kidogo, roho mkononi.

"Mimi ulimi wangu ulishakufa," anasema, kama anayesema taa imeungua. "Nilipata homa kali, mafua ya kulala kitandani. Homa ikaondoka na pua, pua ikaondoka na ulimi. Ukinipa mchuzi ukanipa maji ya kunawa, moto ni moto, baridi ni baridi. Zaidi ya hapo sijui kitu."

Naam, umesoma sawa. Mwanamke ambaye ubuyu wake unavuka bahari kwenda Dar es Salaam kila mwezi, hajui ladha ya ubuyu wake.

Sasa utasema, si apime tu? Vikombe vya sukari si vinahesabika? Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ubuyu unakuja kwa magunia kutoka bara, na gunia hili halifanani na lile. Moja lina uchachu wa kukaza taya, jengine limepooza kama unga wa muhogo. Kipimo cha jana leo kinakuadhiri. Lazima awepo mtu wa kuonja.

Mtu huyo alikuwa Nasima, bintiye wa pekee.

Alianza na miaka mitatu. Siku hiyo alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi pembeni mwa jiko, mama yake akampa kokwa ili anyamaze. Mtoto akaitema. "Mama, huu unauma. Tia sukari." Mwatum akatia kwa kumridhisha tu, akampa tena. Mtoto akatabasamu. "Sasa unacheka."

Ubuyu wa siku ile uliisha kabla haujapoa. Watu walirudi kuulizia.

Basi ikawa ndio kazi. Unauma, shira inarudi motoni. Unacheka, unapakiwa. Mtaa mzima ukajua kwamba kuna kitoto kwa Mwatum kina ulimi wa sonara. Bi Bashira, mfanyabiashara wa Dar anayekuja kuchukua mzigo, alikuwa haanzi kulipa mpaka aulize, "Umecheka huu?"

Na kwa kuwa mchana Mwatum alikuwa akichambua na kusafisha, kupika kulikuwa jioni, na kuonja kulikuja baada ya Isha. Nasima alikula chakula chake, akaonja sufuria, akaendelea kumung'unya kokwa huku macho yanafumba, akabebwa kitandani na rangi nyekundu mdomoni. Kila siku. Nani angeona ubaya hapo? Mtoto kashiba, yuko karibu na mama yake, kalala.

Kisha Nasima akaacha kuitika.

Wewe unayesoma haya ukiwa mbali, pengine hulijui hili. Unguja mtoto akiitwa huitika "Naam" akiwa wa kiume, "Labeka" akiwa wa kike, na huitika kabla jina halijarudiwa. Mtoto asipoitika mara mbili, watu hawamtazami yeye. Wanamtazama mama.

"Nasima!" Kimya. "Nasima we!" Kimya. Yuko pale pale, anachora sakafuni kwa mkaa.

Bi Mardhiya, mama mkwe wake Mwatum, ndiye wa mwanzo kutoa hukumu. Bibi huyu anaishi nao, na maneno yake hayana kifuniko.

"Mjukuu wangu kaota kiburi," alisema. "Na kiburi hicho si cha kwetu."

"Ndio cha kwetu sisi, mama?" Mwatum akamuuliza.

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Chuoni kwa Maalim Shaame, anakosoma Kurani, nako mambo hayakuwa mazuri. Wenzake Nasima wakisoma kwa sauti, yeye anafungua mdomo nyuma yao, anaokota herufi zilizoachwa. Maalim alimwita Mwatum pembeni, kwa adabu kabisa. "Bi Mwatum, mtoto huyu alikuwa hodari. Sasa namsomesha, ananitazama mdomo tu kama anayengoja nimtemee peremende. Ukaidi huu tuuwahi mapema."

Mwatum alirudi nyumbani uso umemuungua. Jioni ile alimwita Nasima kutoka jikoni, mara ya tatu akapiga ukelele mpaka jirani akatoka. Mtoto aligeuka, akaona uso wa mama yake, akalia. Hakujua alichokosa.

Aliyefumbua fumbo ni Himid, mumewe Mwatum. Himid ni mlinzi wa hoteli huko Bwejuu, hurudi nyumbani siku za mapumziko. Siku hiyo alikuja na pakiti ya biskuti. Nasima kampa mgongo, anacheza. Himid akaichezesha ile pakiti nyuma yake, ikalia karatasi. Mtoto wala! Akasogea, akaiita biskuti kwa jina lake. Wala! Akasogea mpaka karibu na kisogo.

Akasimama, akamtazama mkewe.

"Mwatum. Mtoto anaweza kukufanyia kiburi wewe, akanifanyia mimi, akamfanyia hata Maalim. Hakuna mtoto anayeifanyia kiburi biskuti."

Mwatum akakaa kwenye kizingiti. Kumbe mwanawe hasikii! Na yeye alikuwa akimkaripia.

Bi Mardhiya alishakimbilia jikoni kukaanga kitunguu thomu kwa mafuta ya nazi, amtie sikioni. Himid akamzuia. "Mama, spitali kwanza. Mafuta hayo tutakaangia samaki."

Asubuhi wako kliniki ya masikio. Daktari ni Dokta Borafya, mtu mzima, mpole, anayemuuliza mtoto kwanza kabla ya mama. Alimvisha Nasima vile vidude vya kusikilizia, akampa shanga: kila akisikia mlio, atumbukize moja kwenye kikombe. Milio mikubwa, shanga zilitumbukia. Ilipopungua, Nasima alibaki kashika shanga yake, anamtazama daktari kwa heshima, anangoja.

Mwatum aliona yote hayo. "Hapo ndipo nilipolia," anasema. "Hakuwa mkaidi. Alikuwa anangoja."

Daktari alitazama ndani kwa tochi yake. Masikio yote mawili yalikuwa na maji nyuma ya ngoma. Hakuna usaha, hakuna kidonda, ndiyo maana mtoto hakulalamika. "Anasikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani," alisema. "Ukuta uko katikati."

Halafu sasa, badala ya kuandika dawa ya sikio, akauliza maswali ya ajabu.

"Usiku anakohoa?"

"Kidogo, akishalala."

"Anaamka na harufu ya uchachu mdomoni?"

"Harufu siijui, dokta. Pua yangu haifanyi kazi. Lakini bibi yake husema."

"Anacheua? Anasafisha koo kila mara? Analalamika kifua kinamuunguza?"

"Husema ubuyu unapanda juu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ubuyu upi?"

Mwatum akaeleza. Kazi, sufuria, kuuma na kucheka, kokwa za kulalia. Nasima pembeni anatingisha kichwa kwa fahari, maana jina la kazi yake alilisoma kwenye midomo. Mwatum alipomaliza akaongeza, kwa hasira kidogo, "Lakini dokta, mimi nimekuja na sikio. Mbona tunazungumza tumbo?"

"Tunazungumza sikio hilo hilo," alijibu. "Njia yake inapita kooni."

Akamwelezea hivi. Nyuma ya pua kuna kijia chembamba kinachokwenda sikioni, kinapitisha hewa na kutoa maji. Kwa mtu mzima kimeinama, maji yanashuka. Kwa mtoto ni kifupi na kimelala. Sasa mtoto akila, tena kichachu, tena chenye pilipili, kisha akalazwa hapo hapo, maji makali ya tumboni hupanda. Yakifika kooni, yanaweza kufika mpaka mdomo wa kile kijia. Mdomo unavimba, unaziba. Hewa haipiti, maji yanatuama sikioni.

"Kuna watafiti waliyapima maji ya masikio ya watoto kama huyu, wakakuta vitu vya tumboni ndani yake," alisema. "Vya tumboni, sikioni! Lakini nisikudanganye. Si kila mtoto. Na kukikuta kitu mahali si kusema ndicho kilichofanya. Mafua nayo yanaleta hali hii. Nyama za nyuma ya pua zikivimba, nazo. Moshi wa jiko, nao. Sisemi ubuyu ndio uliomziba. Nasema tusimzidishie."

Dawa ya kupunguza asidi hakumwandikia. Alisema kuwapa watoto dawa hiyo kwa ajili ya masikio hakujathibitika, na mtoto huyu hana haja nayo kwa sasa. Maji ya namna hii mara nyingi hukauka yenyewe kwa muda wa miezi mitatu. Watangoja, watapima tena. Yakikataa, kuna kijirija kidogo hutiwa kwenye ngoma ya sikio kupitisha hewa. Kwa sasa mtoto ale mapema, asilale na tumbo lililojaa, akae mbali na moshi. Na ubuyu, basi.

"Hata wa kuonja?" aliuliza Mwatum.

"Hata wa kuonja, mpaka nimwone tena."

Nasima aliambiwa nje, mama yake kachuchumaa mbele yake ili aonekane midomo. Mtoto akasikiliza kwa macho. Kisha akauliza, "Nimeonja vibaya?"

Mwatum anasema hilo ndilo lililomuuma kuliko yote ya siku ile.

Nyumba ikabadilika. Jiko likatolewa jikoni likawekwa uani. Chakula cha mtoto kikawa baada ya Magharibi, na baada yake hakuna kulala mpaka bibi amalize hadithi zake ndefu zisizokwisha. Hakuna tena kuita kwa mbali. Unakwenda, unamgusa bega, unasema mbele ya uso wake. Maalim Shaame, alipoelezwa, akamhamishia Nasima msitari wa mbele, jirani na mkeka wake. Siku ya pili alikuja mwenyewe Mlandege kumtazama. "Nisameheni," alisema. "Nilimpima kwa masikio yangu mimi, sikuyafikiria yake."

Mambo ya nyumbani yalinyooka. Ya sufuria yakapinda.

Bi Mardhiya alijitolea kuonja. Kila sufuria kwake ni tamu. Ukitia pilipili, tamu. Ukisahau sukari, tamu. "Mama, hivi kweli unaonja au unakula?" Mwatum alimuuliza. "Nakula nikionja," bibi akajibu. Ndipo Mwatum akaanza kusimama mlangoni na kijiko, kuwakamata wapita njia. Mtaa ukapata kichekesho. Wengine walibadilisha uchochoro, wengine wakawa wanapita mara mbili.

Ubuyu ukawa wa bahati. Leo mzuri, kesho unakaza taya. Wauza duka wa Darajani waliokuwa wakichukua gunia, wakawa wanachukua nusu.

Kisha Bi Bashira akavuka kutoka Dar. Aliketi uani, akatia kokwa mdomoni, akaigeuza, akaitoa.

"Mwatum, huu kauonja nani?"

"Watu wa njia."

"Basi watu wa njia ndio waununue, mwaya. Mimi wateja wangu nitawaambia nini?" Akamtazama Nasima aliyekaa kwenye kibao chake, macho kwenye sufuria. "Mtoto si huyo hapo? Ni mchana, hajalala. Kokwa moja. Atie, ateme. Kokwa moja itapanda mpaka sikioni kweli, bibi we?"

Mwatum alikuwa ameshika kijiko. Shira inatokota. Mzigo wa Bi Bashira ndio unaoendesha nyumba, mshahara wa Himid hauvuki wiki ya pili. Nasima alishaona kinachozungumzwa. Alishafungua mdomo.

"Nilikipeleka kile kijiko," Mwatum anasema. "Nakwambia ukweli, nilikipeleka mpaka katikati. Halafu nikamkumbuka vile alivyoishika ile shanga."

Kijiko kikarudi sufuriani. Bi Bashira alichukua robo ya mzigo aliozoea, kwa ajili ya udugu tu, akaondoka.

Miezi mitatu ilipotimu, walirudi kliniki, na safari hii Bi Mardhiya naye kavaa buibui lake la kutokea. Shanga zikaanza kutumbukia. Mlio mdogo, shanga. Mdogo zaidi, shanga! Sikio la kulia limekauka kabisa. La kushoto bado lina maji, ingawa yamepungua.

Mwatum alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akauliza swali alilolibeba miezi yote hiyo. "Dokta, kumbe ulikuwa ubuyu?"

"Sijui," alisema Dokta Borafya.

"Hujui?"

"Inawezekana. Kikohozi chake cha usiku kimekwisha, hiyo ni dalili nzuri. Na inawezekana pia lingekauka lenyewe hata kama angekula ubuyu asubuhi na jioni. Watoto wengi hukauka wenyewe. Nikikwambia nina hakika nitakuwa nakudanganya. Ningependa tuendelee hivi hivi mpaka la kushoto lipone, au tujue kama linataka kijirija."

Walipotoka mlangoni tu, Bi Mardhiya alilidaka neno lile. "Umemsikia? Hajui! Mtu kasoma mpaka kapata uwalaa wa kichwa, hajui! Sisi tunakufa njaa kwa kitu asichokijua. Mrudishe mtoto kwenye sufuria, Mwatum. Mchana, kidogo kidogo. Ulimi wa mtoto ni riziki, na riziki haipigwi teke."

"Mama, kasema hajui kama ndio. Na hajui kama sio."

"Ndio na sio zikilingana, mtu hufuata tumbo lake."

"Mimi nnafuata sikio la mwanangu."

"Sikio moja lishapona!"

"Nilimzaa na mawili."

Bibi alinuna mpaka Mlandege.

Himid kwa simu kutoka Bwejuu alisema atakubali atakaloamua mkewe, jambo ambalo Mwatum anasema ni sawa na kumwachia mzigo na kumpungia mkono. Kwa hiyo ni yeye peke yake, na uamuzi wake ndio huu: Nasima haonji mpaka sikio la kushoto lipimwe tena, kabla skuli hazijafunguliwa. Anataka mwanawe aingie darasa la kwanza akae popote atakapokalishwa, si lazima mbele. Likikataa kukauka, watatia hicho kijirija, naye ameshamwambia daktari amweke kwenye zamu. Kwa upande wa kazi, amewaomba wapita njia watatu waliokuwa na ulimi wa maana, mama wa ndizi akiwa mmoja wao, wawe wanakuja siku za kupika. Ubuyu wa wiki hii, wanasema, unakaribia kucheka. Unakaribia tu.

Wakati Mwatum anayasema haya, Nasima anakuja kutoka ndani, anamvuta mama yake kanga. Siku hizi anasikia vingi, hata visivyomhusu.

"Mama. Kokwa moja. Bibi kasema daktari hajui."

Mwatum anamtazama. Anatazama sufuria, ubuyu wa kesho umo ndani, na hakuna nyumba nzima anayeweza kumwambia kama unauma. Anachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Kweli mwanangu, hajui. Na mimi sijui. Tutangoja tujue."

Mtoto ananuna, anakwenda zake kwa bibi yake kushitaki.

Sasa nakuuliza wewe, msomaji, na usijibu mbio mbio: daktari hajasema ndio, hajasema sio. Wateja wanapungua mbele ya macho yako. Mtoto mwenyewe anaomba, na ni kokwa moja tu, mchana kweupe. Wewe ungempa?